Je, wajua? Mwanaanga aliyeachwa Duniani alisaidia kuwaokoa wenzake

Msimulie mtoto hadithi ya safari ya anga ambamo rafiki aliyebaki nyumbani ndiye anayeokoa chombo, naye atakuuliza: "Sasa aliye chini atamwokoaje aliye juu?" Swali hilo lina jibu, tena la kweli, la mwaka 1970.

Ken Mattingly, mwanaanga wa Marekani, alikuwa amejiandaa kwenda Mwezini katika safari ya Apollo 13 pamoja na Jim Lovell na Fred Haise. Siku chache kabla ya safari, mwanaanga wa kikosi cha akiba, Charles Duke, akaugua rubela, aliyoambukizwa na mtoto. Vipimo vikaonyesha kuwa Mattingly hana kinga. Akaondolewa, nafasi yake akapewa Jack Swigert. Tarehe 11 Aprili Apollo 13 ikaruka bila Mattingly, na ugonjwa wenyewe haukumpata kamwe.

Siku mbili baadaye, zaidi ya kilomita 300,000 kutoka Duniani, tangi la oksijeni likalipuka. Oksijeni ile haikuwa ya kupumua tu, ndiyo pia iliyozalisha umeme. Wanaanga wakahamia Aquarius, kichombo cha kutua Mwezini, na chombo kikuu, Odyssey, wakakizima ili betri zake zisiishe.

Hapo ndipo penye fumbo. Aquarius haikuwa na ngao ya kuhimili joto kali la kuingia kwenye angahewa. Kurudi nyumbani kulihitaji Odyssey iwashwe tena, na haikuwahi kuwashwa ikiwa imezimika kabisa katikati ya safari. Umeme wa betri ulikuwa wa kubana mno: ukiwasha vitu vingi mapema, unakwisha kabla miavuli ya kutulia haijafunguka. Kwa hiyo kilichotakiwa ni mpangilio. Swichi ipi ianze, ipi ingoje, ipi isiguswe kabisa.

Mattingly alikijua chumba cha Odyssey kama kiganja chake. Yeye na wahandisi wakaketi na kuupanga mfuatano huo, wakaupima hatua kwa hatua kwenye chumba cha mazoezi kilichofanana na Odyssey. Kwangu mimi, huu ndio ushujaa ambao watoto husimuliwa kwa nadra: mtu aliyenyang'anywa safari anakesha juu ya orodha ya swichi ili aliyechukua kiti chake arudi salama.

Orodha ikasomwa kwa redio, Swigert akainakili kwa mkono. Ndani ya Odyssey joto lilikuwa limeshuka hadi karibu nyuzi 3 za Selsiasi, na matone ya maji yametanda juu ya swichi zenyewe. Akaziwasha moja baada ya nyingine. Chombo kikaamka. Tarehe 17 Aprili wote 3 wakatua salama katika Bahari ya Pasifiki.

Mattingly naye alifika kwenye mzunguko wa Mwezi, Aprili 1972, katika Apollo 16. Mmoja wa wenzake wawili chomboni alikuwa Charles Duke, yule yule wa rubela.