Edipode hakuponzwa na hasira

Kila muhula nakutana na sentensi ile ile kwenye majibu ya wanafunzi wangu hapa Iringa kuhusu *Mfalme Edipode*, tamthilia ya Mgiriki Sophocles: “Edipode aliponzwa na hasira na kiburi chake.” Imo kwenye madesa yanayotolewa kopi kila stesheneri, na anayeikariri simlaumu sana, maana inatuliza. Mtu akiangamia kwa kasoro yake mwenyewe, dunia inabaki sawa, na sisi wapole tunalala usingizi. Tatizo ni kwamba tamthilia yenyewe haisemi hivyo.

Huku nyanda za juu kusini hatuhitaji Mgiriki atufundishe ugumu wa jambo hili. Nenda kwenye msiba wowote, uwe Njombe, Tukuyu au Mafinga. Mchana, chini ya turubai, msemaji wa familia atasema kazi ya Mungu haina makosa, na wote tutaitikia. Usiku, wazee wakiota moto nyuma ya nyumba, maswali yanageuka: mbona kaondoka ghafla? Aligombana na nani? Wanaouliza ni wale wale walioitikia mchana, na hakuna anayejiona mnafiki. Majaliwa na lawama tunavibeba kwa pamoja. Tamthilia ninazozipenda kuliko zote zimejengwa hapo hapo, katikati ya turubai na moto, na kila moja inaugawa mzigo huo kwa namna yake.

Nianze na Sophocles, kwa wanaomsoma katika tafsiri ya Samuel Mushi, *Mfalme Edipode* ya mwaka 1971. Pazia linapofunguka, kila kitu kimeshatokea. Baba ameshauawa njia panda na mwanawe asiyemjua, mama ameshaolewa na mwanawe huyo huyo, watoto wanne wameshazaliwa. Kilichobaki ni kujua tu. Tauni inaua watu Thebes, mji anaoutawala Edipode, jibu linatoka Delphi, kwa mungu Apollo, kwamba muuaji wa mfalme Laius atafutwe na kuondolewa mjini, na Edipode anamlaani muuaji huyo mbele ya watu wote. Yeye ndiye mpelelezi, ndiye hakimu, na ndiye mshtakiwa asiyejijua.

Sehemu ninayoisoma polepole darasani ni ile ya wachungaji wawili. Mjumbe ametoka Korintho na habari anazodhani ni njema: mfalme Polybus, anayejulikana kuwa baba wa Edipode, amefariki, kwa hiyo Edipode atatawala huko pia. Akiona mfalme bado anaogopa unabii kwamba atamwoa mama yake, anamtoa hofu: usiogope, hao si wazazi wako, mimi ndiye niliyekupeleka kwao ukiwa mchanga. Malkia Jocasta, mke ambaye kumbe ndiye mama, anaelewa kabla ya mumewe. Anamsihi aache kuuliza, kisha anaingia ndani. Halafu analetwa mchungaji mzee wa Laius, na yule wa Korintho anamkumbusha walivyochunga pamoja mlima Cithaeron, huyu na makundi mawili, yule na moja, miezi sita kila mwaka kwa miaka mitatu. Mwanafunzi aliyekulia Makete haelezwi urafiki wa namna hiyo, wa watu wawili na baridi ya mlimani. Mzee anamwambia mwenzake afunge mdomo. Mfalme anamtisha kwa mateso. Mwishowe anaulizwa kwa nini alimtoa yule mtoto badala ya kumuua kama alivyoagizwa, naye anajibu kwamba alimwonea huruma.

Sasa fuata mnyororo wote. Mchungaji alimhurumia mtoto. Polybus, aliyekosa mtoto, akamlea kama wake. Edipode akakimbia Korintho ili asije akawadhuru aliodhani ni wazazi wake. Akaiokoa Thebes kutoka kwa zimwi Sfinksi. Ukiondoa Laius aliyemtupa mwanawe, karibu kila pingili ni tendo la mtu mwema. Hata pale njia panda, mzee na watu wake ndio waliotangulia kumsukuma njiani kwa nguvu. Basi hiyo hasira ya kwenye madesa inabeba nini hasa? Angekuwa mpole kama kondoo bado angekuwa mtoto wa Jocasta.

Na haki? Edipode anajitoboa macho, jambo ambalo hakuna mungu aliyemwagiza. Akiulizwa nani kamsukuma, anajibu kwamba masaibu yameletwa na Apollo, ila mkono uliopiga ni wake mwenyewe. Turubai na moto katika jibu moja! Mimi sijaona mwandishi mwingine aliyelisema jambo hili bila kupunguza upande wowote.

Shakespeare ni mwepesi zaidi, na najua kuna wenzangu watakaonuna. Katika *Makbeth*, iliyotafsiriwa na Mushi huyo huyo, unabii unahusu kesho, na hilo linabadilisha kila kitu. Wanafunzi wangu wengi humaliza kesi mapema: Macbeth alirogwa, ndiyo maana akamuua mfalme wake. Nawaambia warudi kwenye maandishi. Wachawi wanasema atakuwa mfalme. Hawasemi aue, wala hawamletei kisu. Macbeth mwenyewe anawaza kwamba kama bahati inamtaka awe mfalme, basi na imvike taji bila yeye kujisumbua. Banquo, jemadari mwenzake, alisimama pembeni yake akasikia sauti zile zile, na hakumwaga damu ya mtu. Kwa hiyo hapa lawama ina mwenyewe, na mwisho kichwa cha muuaji kinaletwa jukwaani, Malcolm, mtoto wa mfalme aliyeuawa, anatangazwa mfalme, watu wanarudi nyumbani. Ninayemfikiria mimi ni mke wa Macduff, adui wa Macbeth, na wanawe, waliochinjwa bila kuhusika na unabii wowote. Taji la Malcolm haliwalipi kitu.

*Antigone*, ya Sophocles pia, ni habari nyingine, kwa sababu pale unabii unakaa pembeni na haki mbili zinagongana waziwazi. Mfalme Creon anapiga marufuku kumzika Polynices, msaliti wa mji. Antigone, dada wa marehemu, anamzika, akisema zipo sheria za miungu ambazo mfalme hawezi kuzifuta. Kwingine labda ningelazimika kueleza kwa nini maiti iwe jambo kubwa hivyo. Hapa nawakumbusha tu Kalenga. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijipiga risasi Julai 1898 ili asikamatwe hai, Wajerumani wakakata kichwa chake, na fuvu likawa hoja hata kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246. Lilirudishwa Uhehe mwaka 1954. Miaka hamsini na kitu watu wanadai kichwa cha mtu aliyekwisha kufa! Nikishasema hayo, hakuna anayeniuliza tena kwa nini Antigone hakukaa kimya.

Inayonisumbua zaidi ni ya kwetu, *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, 1969, kuhusu Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Hapa nabii ndiye mhusika mkuu, na unabii ni wake mwenyewe. Anatoka mtoni na neno la umoja, na maji yanayoaminiwa kumkinga mtu na risasi. Baadaye anatambua kwamba katika maneno yaliyotoka kinywani mwake mlikuwa na ahadi kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, yaani wamtoke bwana mmoja waingie kwa mwingine. Anataka wasubiri. Hawasubiri, neno limeshamponyoka. Akiwa kifungoni anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, anakataa, kwa kuwa akikiri, watoto wataambiwa kwamba baba zao walikosea kupigana. Edipode alitafuta ukweli hata ukamvunja. Kinjeketile anauzuia ukweli mmoja ili usiue mwingine.

Hussein alikuwa anatunga, hakuwa anaandika historia, na historia ni kali kuliko hapo. Kinjeketile Ngwale alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Wabena waliivamia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe, mwezi Septemba. Neno lilipanda milima hii mwenyewe akiwa kaburini, kwa hiyo hata angelikana, kukana kwake kusingemwokoa mtu wa huku. Kisha majeshi ya Kijerumani yakachoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi.

Hapo ndipo ninapogombana na tamthilia ninayoipenda. Inafunguka kwa wanawake wawili, Bibi Bobali na Bibi Kitunda, wakihangaikia chakula. Inafunga kwa mwanaume kifungoni akiamua vita ile itakuwa na maana gani, na wale waliokuwa wakihangaikia unga hawaulizwi. Muhula ujao zoezi la kwanza litakuwa hili: mwandike upya onyesho la kifungoni, Bibi Kitunda akiwa ameruhusiwa kuingia. Kurasa mbili, na madesa myaache nyumbani.