Vichezeo vya hisi kwa watoto wadogo: kipi kinatuliza, kipi kinachangamsha?

Vichezeo vya hisi ni vipi hasa?

Ni kitu chochote ambacho mtoto anakichezea kwa kukigusa, kukitazama, kukisikiliza, kukinusa au kwa kuuyumbisha mwili wake. Jina limevuma na matangazo ya mtandaoni, lakini dodoki, kifuu kilichosuguliwa, mwiko na bembea ya kamba chini ya mwembe vimefanya kazi hiyo tangu zamani, tena bila betri.

Mbona kichezeo kilekile kinamtuliza mtoto mmoja na kumliza mwingine?

Angalia namna kinavyotumika. Mwendo wa polepole, unaojirudia, usiomshtua mtoto na unaogusa hisi moja au mbili tu, hutuliza. Ndiyo maana mtoto aliyebebwa mgongoni kwa khanga husinzia upesi: amebanwa sawasawa, anayumba kwa mdundo mmoja, na sauti ya mama anaisikia kupitia mgongo. Mwendo wa ghafla na wa kasi, wenye taa, muziki na mtetemo kwa pamoja, huchangamsha. Bembea ileile ukiisukuma mbele na nyuma taratibu inaleta usingizi. Ukiizungusha, mtoto anaamka kabisa. Kwa hiyo maneno "kinatuliza" kwenye boksi la dukani hayakuambii kitu mpaka ujue mtoto wako kwa wakati huo amechoka au amechoshwa na kukaa bure.

Mwanangu ana miezi minne. Nikimtikisia kayamba anageuza uso na kulia. Hapendi kucheza?

Huenda amezidiwa. Dalili zake ni kugeuza kichwa, kupiga miayo ilhali usingizi hana, kukunja ngumi, kupinda mgongo, wakati mwingine kwikwi. Zima televisheni, weka kayamba chini, mlaze kifuani pako kwa dakika chache. Siku nyingine tikisa mara mbili tatu tu, pembeni ya kichwa, kisha nyamaza umsubiri ageuke atafute sauti ilikotoka. Kule kutafuta ndiko kucheza kwenyewe.

Kuhusu sauti: washa kichezeo karibu na sikio lako mwenyewe. Kikikukera, kwake kimezidi. Vipande viwili vya selotepu juu ya matundu ya spika hupunguza makelele vizuri.

Nichague nini kwa umri upi?

Mtoto mchanga huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, na macho yake huvutwa na weusi dhidi ya weupe. Kata boksi, chora kwa kalamu nene mistari yenye upana wa sentimita 2, inatosha. Rangi huanza kumvutia zaidi akifika miezi minne au mitano.

Akishaweza kukaa mwenyewe, kwenye miezi sita hivi, muundie kapu la hazina. Wazo hili linahusishwa na mwalimu wa watoto wa Uingereza, Elinor Goldschmied. Chukua kapu la ukili pana lenye kingo za chini, kiasi cha sentimita 10 hadi 12, asije akalipindua kwa kuegemea. Tia vitu sita au vinane visivyofanana: kijiko cha chuma kwa ule ubaridi wake, mwiko, dodoki, kifuu kisicho na ncha, limau zima lililooshwa, kipande cha khanga, brashi ya nguo iliyo mpya. Kaa karibu, usimwelekeze. Atakachofanya kwanza ni kukitia mdomoni, maana hapo ndipo anapokipima. Kila wiki badilisha vitu viwili. Ukimmwagia vitu thelathini kwa siku moja atavirusha tu.

Mwaka 1 hadi 2 ni umri wa kumwaga na kujaza: beseni, vikombe viwili na kichujio. Maji yasizidi sentimita 5, na hata hayo usiyaache hata kidogo mtoto akiwa peke yake, kwa sababu mtoto mdogo anaweza kuzama humo. Ukimaliza, mwaga.

Chupa ya kutuliza inatengenezwaje?

Chukua chupa ya plastiki ngumu ya mililita 500, bandua lebo. Mimina mililita 350 za maji yaliyochemshwa yakapoa (ya bomba moja kwa moja huanza kunuka), ongeza mililita 100 za gliserini kutoka duka la dawa, kijiko kimoja cha chai cha glita na tone moja la rangi ya chakula. Tone la pili huficha glita. Nafasi inayobaki juu ndiyo inayoruhusu maji kuchezacheza.

Glita ikielea juu na kukataa kuzama, ongeza tone moja la sabuni ya vyombo. Zaidi ya hapo utapata povu. Ikizama kwa kasi, punguza maji kidogo na uongeze gliserini mililita 20 au 30, kwa kuwa uzito wake ndio unaochelewesha glita. Kosa linaloharibu nyingi ni kifuniko: nyuzi za shingo ya chupa zisipokaushwa, gundi haishiki. Kausha kwa kitambaa, paka gundi kali, kaza, subiri saa 24, zungushia tepu ya umeme. Kisha ilaze kichwa chini juu ya karatasi ya chooni usiku kucha. Asubuhi karatasi ikiwa na unyevu, hiyo bado haifai.

Tikisa mara moja, muitazame pamoja mpaka glita yote itue, mpumue taratibu. Mtoto akishaanza kuitafuna au kuipigiza sakafuni, iondoe.

Na unga wa kufinyanga?

Vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, vikombe 2 vya maji, vijiko vya chakula 2 vya mafuta ya kupikia na 2 vya maji ya limau. Koroga juu ya moto mdogo mpaka donge liachane na sufuria kama ugali, likipoa ulikande. Upikwe, kwa kuwa unga mbichi unaweza kubeba vijidudu. Kwenye ukanda wa pwani, unga huu huwa unanata baada ya siku chache kwa sababu chumvi huvuta unyevu wa hewa. Kanda tena na unga kidogo na uufungie kwenye kopo lenye mfuniko. Mtoto ambaye bado anakula kila anachoshika asipewe, chumvi ni nyingi mno.

Nikatae vichezeo gani?

Kwa walio chini ya miaka 3, pitisha kichezeo kwenye bomba la karatasi la ndani ya karatasi ya chooni. Kikipita, kinaweza kuziba koo. Kamba isizidi sentimita 20. Baluni, hasa vipande vya iliyopasuka, viweke mbali. Punje za mahindi na maharage zikiingia puani huvimba na kukwama. Usichokoe kwa pini, mpeleke hospitali. Shanga za jeli zinazovimba kwenye maji huendelea kuvimba tumboni hadi kuziba utumbo. Sumaku mbili zikimezwa huvutana na kubana utumbo katikati.

Betri bapa za duara ndizo mbaya kuliko zote. Ikikwama kooni, umeme wake hutengeneza kemikali kali kwenye mate na kuunguza nyama ndani ya saa mbili, hata ikiwa betri "imekwisha". Nunua kichezeo ambacho mfuniko wa betri umefungwa kwa skrubu. Ukishuku amemeza, nenda hospitali saa hiyohiyo na usimtapishe. Aliyezidi mwaka 1 na anayemeza vizuri apewe asali vijiko vya chai 2 kila dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara sita, bila kuchelewesha safari. Chini ya mwaka 1 asipewe asali.

Blanketi zito, au mdoli laini wa kulala naye?

Kabla ya mwaka mmoja, hapana kwa vyote viwili. Vinaweza kumziba pumzi.

Simu inamtuliza haraka kuliko vyote. Kuna ubaya?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 hauruhusu kukaa mbele ya skrini chini ya mwaka 1, wala hauupendekezi kwa mwenye mwaka mmoja, na kwa miaka 2 hadi 4 unaweka kikomo cha saa moja kwa siku. Simu humnyamazisha kweli, ila ukiizima kilio huanza upya.

Mwanangu anaziba masikio blenda ikiwashwa, na anaweza kuzungusha kifuniko nusu saa nzima. Ni usonji (autism)?

Kwa hayo mawili peke yake huwezi kusema. Mpeleke kliniki, na kadi yake, ikiwa kufikia mwaka mmoja haitikii jina lake wala hajaanza kutamka "ba-ba, da-da", kufikia miaka miwili haunganishi maneno mawili, au kama katika umri wowote amepoteza neno au tabia aliyokuwa nayo. Vichezeo vya hisi haviponyi usonji, ingawa vinaweza kumrahisishia siku. Mrekodi kwa simu dakika moja au mbili akicheza nyumbani uende nayo. Mbele ya daktari asiyemjua, mara nyingi mtoto hafanyi yale anayoyafanya sebuleni kwake.