Mimea mifupi ya milimani: kinachoiua Mbeya si baridi

"Mbeya kuna baridi, kwa hiyo mmea wowote wa milima ya Ulaya utakubali." Ndivyo wanavyosema wapenda bustani wengi, kuanzia Uyole hadi Njombe, na dhana hii imeua mimea mingi kuliko wadudu. Mimea hii mifupi ya kudumu, inayotambaa ikafunika ardhi kama zulia, baridi haiitishi. Kwao, katika milima ya Alps, miezi ya baridi hulala chini ya theluji, na maji yaliyoganda hayalowanishi mmea. Kwetu ni kinyume. Baridi inayogandisha umande kule Makete huja Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi. Mvua hunyesha Novemba hadi Aprili, kipindi cha joto. Joto na maji vikikutana pale shina linapogusana na udongo, mmea huoza. Mtu wa Tukuyu, kunakonyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ajipange zaidi kuliko wa Iringa mjini.

Kujipanga kwenyewe ndiko kwenye dhana nyingine: "Nimetandika kokoto chini ya chungu, maji yatapita." Hayapiti hivyo. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ulioko juu uwe umeshiba kabisa. Kwa hiyo ile tabaka inasogeza tope karibu na mizizi. Kokoto zichanganywe na udongo wote: sehemu moja udongo, moja mchanga wa mtoni, moja kokoto ndogo. Inua tuta, kisha tandaza kokoto juu, kuzunguka shina, majani yasilalie udongo uliolowa. Kwa wa Mbeya kuna neema zaidi, yale mawe mepesi yenye vitundu ambayo Mlima Rungwe uliyatapika zamani. Yaponde, yanafaa kuliko kokoto.

Samadi? Achana nayo. Mmea uliozoea mwamba ukilishwa sana hunenepa, hulegea, na mvua ya kwanza humaliza kazi.

Tena usidhani mbolea italeta maua. Mimea mingi ya jamii hii husubiri miezi ya baridi, kisha siku ndefu, ndipo ichanue. Mbeya tofauti ya mchana wa Juni na wa Desemba ni kama saa moja tu. Kwa maoni yangu, chagua mmea kwa uzuri wa majani. Maua yakija, ni nyongeza.

Wapo pia wanaotaka kwenda kuchimba Kitulo, eti mimea ya kule ni yetu. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na kung'oa mmea humo ni kosa.

Anza na Sedum ya jirani, mmea mfupi wenye majani manene yanayotunza maji. Kata kipande, kiache kivulini siku mbili tatu kidonda kikauke, kichomeke tutani mwezi Mei mvua zikikatika, umwagilie kwa nadra. Magugu utang'oa kwa mkono mpaka zulia lifunge. Likiwa changa haliwezi kuyazuia lenyewe.