Bustani ya nyumbani Tanga: ya kuambiwa na ya kweli

Anza kulima uani kwako Tanga uone washauri watakavyojaa. Wengi wana nia njema, ila mengi wanayosema hayaendani na udongo wa pwani.

Utaambiwa kwanza kwamba mchanga hauoti kitu. Unaota. Taabu yake ni kwamba haushiki maji wala rutuba: ukimwagilia, maji yanashuka na chakula cha mmea kinaondoka nayo. Changanya samadi iliyooza na mboji kwenye udongo wa juu, kisha tandaza majani makavu au makumbi ya nazi. Samadi mbichi ya kuku, ambayo watu wanaisifu kwa ukali wake, huunguza mizizi. Irundike miezi miwili mitatu mpaka harufu kali iishe.

Halafu kuna majivu. Yanamwagwa kila wiki kama mbolea isiyo na kipimo. Ni kweli yana potasiamu, lakini pia hupunguza uchachu wa udongo kama chokaa inavyofanya, na huku tuna sehemu nyingi zilizokaa juu ya mawe ya chokaa na matumbawe. Kuna uchachu gani hapo wa kupunguza? Ukizidisha, majani machanga yanageuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, maana mmea unashindwa kufyonza madini ya chuma. Mwenye bustani akiona hivyo, anaongeza majivu!

Kumwagilia kila siku nako si sheria. Chomeka kidole kwenye tuta. Mara nyingi juu kumelowa, chini kukavu kabisa, kwa sababu mtu alinyunyiza tu akaondoka. Afadhali maji mengi ya kushuka hadi mizizini, asubuhi mapema au jioni, kuliko kurashia rashia. Na maji ya kisima kilicho karibu na bahari yaonje kwanza. Yakiwa na munyu, maharage yatakuwa ya kwanza kukauka kingo za majani.

Eneo dogo si kisingizio. Ndoo kuukuu iliyotobolewa chini inatosha mche wa bilinganya.

Wanaokata tamaa mapema ni wale walioanza na kabichi na karoti kwa kuwa wameziona zimejaa sokoni. Hizo zinashuka kutoka Lushoto, milimani kwenye baridi. Zipo mbegu zinazostahimili joto, lakini mwanagenzi mimi ningemkataza kabisa. Joto likimwangusha, anaambiwa hana mkono wa kupanda, naye anaamini.

Aanze na mchicha, unaochumwa baada ya wiki tatu hadi nne. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo zichanganywe na mchanga mkavu ndipo zimwagwe kwenye mistari na kufunikwa kiduchu tu. Zikizikwa chini sana hazitoki. Zikiachwa wazi, sisimizi wanazibeba, halafu muuza mbegu ndiye anayelaumiwa.

Na kama hata hizo mbegu zinamtisha, apande matembele. Aombe kwa jirani vipande vya mashina vya urefu wa futi moja, apunguze majani ya chini, azike vifundo viwili vitatu kwenye udongo uliolowa mwanzoni mwa masika au vuli. Akichuma, asikwangue: aache ncha kadhaa ili shina lichipue tena.