Mbona mnachimba kule chini?

Juzi mama mmoja alinisimamisha kwenye geti la ploti yao, huku Eastlands, Nairobi, tunakobadilisha bomba kuukuu la majitaka. "Mwanangu," akaniambia, "uchafu umefurika hapa mlangoni pangu, na nyinyi mnachimba kule chini karibu na mto. Mtanifikia lini?" Nilimjibu kwa ufupi kwa kuwa vijana walikuwa wakiningoja mtaroni. Jibu lenyewe ni refu, na kila anayeishi juu ya bomba la aina hii anastahili kulipata.

Bomba la maji safi lina presha. Linaweza kupanda kilima na kuzunguka ukuta wa jirani. La majitaka halina nguvu yoyote ila mteremko, na kwa hilo Nairobi imejaliwa: kule Dagoretti ardhi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ukifika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta imeshuka hadi mita 1,624. Ndiyo maana sehemu kubwa ya majitaka ya jiji hushuka yenyewe, ikifuata mabonde ya mito, hadi mabwawa ya kusafishia yaliyoko Ruai.

Basi kina cha bomba jipya hakichaguliwi na mhandisi. Kinaamuliwa na chemba ya mwisho kabisa, au manholi kama wengi wanavyoiita, pale bomba la mtaa linapoingia kwenye bomba kuu. Tunaanzia hapo tukipanda. Kila kipande kikikamilika kina pa kumwaga, na kinaanza kazi siku hiyohiyo. Tukianzia mlangoni kwa mama, tutakuwa tumemjengea bomba zuri linalomwaga kwenye bomba lililoziba.

Mteremko wenyewe ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Tunaoutumia hapa ni moja kwa 150, yaani bomba linashuka mita moja kwa kila mita 150. Kati ya chemba mbili zilizoachana mita 60, jumla yake ni sentimita 40 tu. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, tulilaza kipande kwa haraka mvua ikitishia, nami nikakubali kutopima upya katikati. Bomba lilibonyea kidogo tu. Maji yakatuama kwenye kile kitumbo, mafuta ya kupikia yakaganda, na kabla mwaka haujaisha tukakifukua kipande chote. Tangu siku hiyo hakuna bomba linalofunikwa kabla sijapima kila kiungo, hata kama mtaa mzima unanipigia kelele.

Lakini kwa nini la zamani lilikufa? Mabomba mengi ya zege huliwa kutoka juu, wala si chini yanapopita maji. Majitaka yakikaa bila hewa hutoa gesi yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo hupanda na kushika unyevu wa dari ya bomba, na bakteria wanaoishi pale huigeuza kuwa asidi ya salfa. Tulipokata bomba hili, sakafu yake ilikuwa ngumu na dari imekuwa laini, unaibomoa kwa kucha. Siku za mgao wa maji huzidisha tatizo hili, kwa sababu hakuna cha kusukuma uchafu nao hulala palepale ukichacha. Kisha kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hujaa maji wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, ukivuta viungo mwaka baada ya mwaka. Udongo huo haturudishi juu ya bomba. Tunazungushia bomba kokoto ndogo, kisha tunajaza maramu na kushindilia tabaka kwa tabaka.

Sababu nyingine sote tunaiona kwa macho. Bomba la inchi sita lililolazwa kwa nyumba za familia moja moja sasa linabeba maghorofa. Tunaweka la milimita 225 mahali pa hilo la inchi sita, yaani milimita 150, na kwa mteremko uleule hilo hupitisha karibu mara tatu. Hata hivyo halitatosha iwapo mifereji ya paa itaendelea kuunganishwa na sewa. Tunatia rangi kwenye mfereji wa mvua, tunafungua chemba na kungoja. Rangi ikitokea, nazungumza na mwenye nyumba. Wengi hawakujua, fundi ndiye aliyewaunganishia.

Jambo la gesi nalirudia kwa sababu linaua. Katika kiwango kikubwa huifanya pua isinuse tena, na mtu akadhani harufu imekwisha kumbe sumu imezidi. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hukaa chini ya chemba. Tafadhali, mfuniko ukiibwa au kifaa kikitumbukia, usimteremshe kijana kwa kamba, hata kwa dakika moja. Sisi wenyewe hatushuki bila kupima hewa, na aliye juu haruhusiwi kumfuata aliyeanguka. Vilevile watoto wasichezee kingo za mtaro. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa zaidi ya tani moja na nusu, na hauporomoki kwa kutoa taarifa.

Sasa, mama, swali lako. Tumebakiza chemba nne kukufikia, na kila kipande kinatuchukua siku mbili au tatu mvua isipotuzuia. Jioni ya kuamkia siku yako nitabisha hodi mwenyewe. Tutaziba chemba iliyo juu yako kwa puto la mpira, na pampu itavusha majitaka hadi chemba ya chini. Hatutakata kabla ya saa nne asubuhi, kwa sababu kati ya saa kumi na mbili na saa mbili mtaa mzima unaoga na pampu ingelemewa. Kuanzia saa nne hadi saa kumi usifue wala usimwage maji chooni. Kibanda cha mboga kilicho juu ya mstari wa bomba kitasogezwa kando siku hiyo. Nimeshazungumza na mwenyewe, na vijana wangu watamsaidia kukibeba na kukirudisha.