Huduma baada ya mimba kuharibika: ni nini, na hutolewaje Uganda

Huduma baada ya mimba kuharibika, ambayo wahudumu wa afya huifupisha kwa herufi tatu, PAC, ni matibabu ya mwanamke ambaye mimba yake imetoka na hali yake si nzuri: anavuja damu, ana homa, au mabaki yamekwama kwenye kizazi. Iwe mimba ilitoka yenyewe au ilitolewa, matibabu ni yaleyale. Wengi hawalijui hilo, na wako wanaofia nyumbani huku kituo cha afya kikiwa mwendo mfupi wa boda boda.

Hofu inatokana na sheria. Ibara ya 22(2) ya Katiba ya 1995 inakataza kukatisha uhai wa mtoto aliye tumboni isipokuwa sheria inaporuhusu. Sheria ya makosa ya jinai inaadhibu utoaji mimba, lakini inamkinga anayempasua mama kwa nia njema ili kuokoa maisha yake. Watu husikia katazo tu, wakadhani hata kutibiwa ni kosa. Si kosa. Kutibu madhara ya mimba iliyoharibika ni sehemu ya huduma za uzazi zinazotambuliwa na Wizara ya Afya.

Damu hukatika pale misuli ya kizazi inapokaza na kubana mishipa. Kipande cha kondo kikibaki ndani, kizazi hakikazi vizuri na mishipa inabaki wazi. Kikikaa siku kadhaa kinaoza, na maambukizi yanaweza kuingia kwenye damu. Ndiyo maana antibayotiki za duka la dawa pekee hazitoshi: chanzo bado kimo ndani.

Usingoje kukuche ukiona pedi mbili kubwa zinalowa chapachapa ndani ya saa moja, kwa saa mbili mfululizo. Homa ya nyuzi 38 na zaidi, uchafu wenye harufu mbaya, tumbo gumu lenye maumivu makali au kuzirai ni dharura pia. Anayetumia vipande vya kitenge ahesabu vilevile, na asivifue. Avifunge kwenye mfuko aende navyo, muhudumu aone kiasi cha damu. Maumivu ya upande mmoja wa tumbo, yakiambatana na kizunguzungu au maumivu ya bega, huenda ni mimba iliyotunga nje ya kizazi. Hiyo haisafishwi, inahitaji hospitali au kituo cha daraja la IV chenye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi.

Kituoni utaulizwa hedhi ya mwisho ilikuwa lini, damu ilianza lini, umemeza nini, na kama kuna kitu kiliingizwa ukeni. Swali la mwisho lijibu kwa ukweli, dada, hata kama linauma. Kijiti au waya unaweza kutoboa kizazi au kuleta pepopunda, na muhudumu asiyejua hatakagua wala kukuchoma sindano ya kinga.

Mimba changa, chini ya wiki 13 au 14, mabaki yake hutolewa kwa vidonge vinavyokaza kizazi, au kwa sirinji kubwa inayonyonya kwa mkono. Kunyonya huchukua kama dakika 10, na dawa ya kuzuia maumivu ni haki yako, iombe. Kukwangua kwa chuma ni njia ya zamani ambayo Shirika la Afya Duniani halishauri tena.

Baadaye damu kidogo inaweza kuendelea hadi wiki mbili. Jambo linalosahaulika mno ni kwamba yai linaweza kupevuka kabla hata wiki hizo hazijaisha, hivyo mimba nyingine inaweza kuingia kabla ya hedhi kurudi. Asiyeitaka anaweza kupewa vidonge, sindano ya miezi mitatu au kipandikizi siku hiyohiyo ya matibabu. Kitanzi huwekwa baada ya kizazi kuwa safi. Kama kuna maambukizi, kinasubiri yapone.