Johnny Craig na Hofu Inayokaa Ndani ya Chumba Safi

Vijana wanaojifunza kuchora hadithi za picha wanaponiuliza wamsome nani ikiwa wanataka kumtisha msomaji, huwaelekeza kwa Johnny Craig wa Marekani, na wengi wao hushangaa wakifungua kurasa zake. Wanategemea mizimu na makaburi yaliyofukuliwa, lakini wanakutana na wanaume waliovaa suti zilizopigwa pasi, wanawake waliotengeneza nywele zao kwa uangalifu na sebule ambazo kila kiti kimewekwa mahali pake. Hofu ya Craig hutoka humo humo katika unadhifu, na ndiyo sababu ninaamini kwamba katika kundi zima la wachoraji wa EC, wachapishaji wa majarida ya hadithi za picha, yeye ndiye anayemfaa zaidi mwanafunzi.

EC ilikuwa kampuni ndogo ya New York ambayo William Gaines aliirithi baada ya baba yake kufa katika ajali ya boti mwaka 1947. Mwaka 1950 Gaines na mhariri wake Al Feldstein walianzisha majarida ya kutisha na ya uhalifu yaliyouzwa kwa senti 10, na Craig, aliyezaliwa mwaka 1926, akawa nguzo ya mawili kati yake: The Vault of Horror na Crime SuspenStories. Majalada yote ya The Vault of Horror, kuanzia toleo namba 12 lililofungua jina hilo hadi namba 40 lililolifunga, yalitoka mkononi mwake.

Jambo lililomtofautisha na wenzake wengi ni kwamba aliandika hadithi zake mwenyewe. Hadithi nyingi nyingine za EC ziliandikwa na Feldstein, na mchoraji alipokea karatasi ambayo maandishi yalikwisha kuwekwa juu yake kwa kifaa cha kuchorea herufi kinachoitwa Leroy, cha aina wanayotumia wachora ramani za majengo, hivyo mara nyingi alibaki na nusu tu ya fremu, yaani kisanduku cha picha, ya kuchora. Craig, kwa kuwa maneno yalikuwa yake, aliweza kuamua wapi msimulizi anyamaze na picha ishike kazi. Gharama yake ilikuwa muda. Alichora polepole, akifuta na kurudia, na kwa kawaida hakutoa zaidi ya hadithi moja katika toleo moja, wakati wenzake walizalisha kurasa nyingi zaidi kwa kipindi kile kile.

Mfano ninaopenda kuufundisha ni hadithi yake ya mkesha wa Krismasi iliyotoka katika The Vault of Horror namba 35, mwaka 1954, ambayo baadaye iliingizwa katika filamu ya mwaka 1972. Mwanamke anamuua mumewe nyumbani usiku huo, kisha redio inatangaza kwamba kichaa muuaji ametoroka na anatembea akiwa amevaa mavazi ya Baba Krismasi. Mwanamke hawezi kuwaita polisi kwa sababu maiti imo ndani. Anachoweza kufanya ni kufunga milango na madirisha, moja baada ya jingine, na Craig anatupitisha naye katika nyumba nzima mpaka tunaijua kama nyumba yetu. Mwishoni ni binti yake mdogo, kwa furaha ya mtoto anayengoja zawadi, anayemfungulia mgeni mlango. Tazama jinsi kila kitu katika hadithi hiyo kinavyoonekana waziwazi: mwanga ni wa kutosha, hakuna ukungu, hakuna kivuli kilichowekwa ili kuficha udhaifu wa mchoro. Msomaji anaona kila mlango, na kwa hiyo anaogopa kila mlango.

Ukitaka kuelewa hilo vizuri, mlinganishe Craig na Graham Ingels, mwenzake katika kampuni hiyo hiyo, ambaye wahusika wake huonekana kama wanaoyeyuka, ute ukining'inia midomoni na nguo zikichanika kabla hata jambo baya halijatokea. Ingels ni fundi mkubwa, lakini kwake ulimwengu umeoza tangu fremu ya kwanza. Kwa Craig uozo umo ndani ya mtu, na sura hubaki nzuri mpaka dakika ya mwisho, ambapo macho yanatoka na mdomo unapinda, na badiliko hilo moja linatosha.

Kwa miaka mingi kazi hizi zilijulikana kupitia majarida ya zamani yaliyochapwa kwenye karatasi duni, ambayo wino ulisambaa na rangi zilitoka nje ya mistari. Simdharau Marie Severin, aliyepaka rangi sehemu kubwa ya majarida ya EC kwa akili kubwa na aliyejua lini fremu nzima iachwe katika rangi moja. Hata hivyo, mstari wa Craig unahitaji kuonekana peke yake. Bahati nzuri Gaines alihifadhi michoro ya asili, na kutokana na hazina hiyo yakawezekana matoleo ya rangi nyeusi na nyeupe. Mwaka 2013 kampuni ya Fantagraphics ya Seattle ilitoa kitabu cha Craig peke yake, Fall Guy for Murder and Other Stories. Humo unaona brashi ilivyoanza nyembamba kwenye kola ya shati, ikanenepa begani na kukata ghafla, na unaona weusi mzito aliouweka kwa kipimo, mara nyingi katika suti ya mwanamume au dirisha la usiku, ili jicho lielekee uso anaotaka uutazame.

Yapo majalada yake mawili ambayo kila mpenzi wa fani hii anapaswa kuyachunguza. La kwanza ni la The Vault of Horror namba 30, la mwaka 1953, ambapo mkono uliokatwa unaning'inia bado umeshika kishikio cha abiria ndani ya treni. La pili ndilo lililoingia katika historia ya siasa. Ni la Crime SuspenStories namba 22, la mwaka 1954: mwanamume ameshika shoka kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine kichwa cha mwanamke kwa nywele zake, huku miguu ya maiti ikionekana sakafuni. Uso wa muuaji haumo katika picha, kwa hiyo uso pekee tunaoutazama ni wa marehemu.

Tarehe 21 Aprili 1954, mbele ya kamati ndogo ya Seneti iliyochunguza uhalifu wa vijana, seneta Estes Kefauver alimwonyesha Gaines jalada hilo na kumuuliza kama linaonyesha ladha njema. Gaines alijibu kwamba ndiyo, kwa jalada la katuni ya kutisha, kisha akaeleza kwamba lingekuwa baya kama kichwa kingeinuliwa juu zaidi ili shingo ionekane ikichuruzika damu. Magazeti yalilichukua jibu hilo, na mwaka huo huo wachapishaji wakajiwekea kanuni zilizopiga marufuku maneno ya kutisha katika majina ya majarida, pamoja na wafu wanaotembea na wanyonya damu. Naliona jibu la Gaines kuwa la kweli kisanaa na la hatari kisiasa, kwani alieleza kwa usahihi jinsi Craig anavyofanya kazi, yaani kuchagua mahali pa kukata picha, mbele ya watu waliokuja kutazama damu tu.

Baada ya hapo Craig aliingia katika matangazo ya biashara, akarudi katika miaka ya 1960 kuchora jarida la Creepy kwa jina la Jay Taycee, kisha Iron Man wa kampuni ya Marvel, ambako mwendo wa kazi ulikuwa wa haraka kuliko mkono wake. Alifariki mwaka 2001.

Anayekinunua kitabu hicho cha Fantagraphics nampa tahadhari mbili. Wanawake wa Craig mara nyingi mno ni walaghai wanaopanga njama kwa ajili ya pesa au mpenzi, na marudio hayo yanachosha na hayatetewi na enzi zake. Pia miisho yake ya kushtukiza hupoteza nguvu ikisomwa mfululizo, kwa sababu iliandikwa kwa msomaji aliyengoja miezi miwili kati ya toleo na toleo. Anza na hadithi za uhalifu kabla ya zile za kutisha, soma moja, kisha irudie bila kusoma maneno, ukifuatilia tu ni wapi ameweka weusi na ni mlango gani ameuacha wazi.